Kadi inasema hatua ya 4, daktari wa saratani anasema 1B2: je, nipasuliwe kwa matundu?

Swali:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 41, naishi Morogoro, nina watoto watatu, wa mwisho binti wa miaka 12. Nilianza ARV mwaka 2013. Sasa natumia kidonge kimoja cha TLD kila usiku, kipimo cha mwisho virusi havikuonekana, CD4 ni 480. Mwezi wa tano nilianza kutokwa damu kila baada ya kukutana na mume wangu. Nikakatwa kinyama, majibu yakaja saratani ya mlango wa kizazi, uvimbe sentimita 2.8, hatua ya 1B2. Hospitali ya kwanza niliambiwa kwamba 'kwa hali yangu' upasuaji ni hatari, niende tu kwenye mionzi. Kaka yangu aliye nje ya nchi anasema nisikubali, nitafute upasuaji wa matundu madogo kwa sababu ndio wa kisasa, na mwenye VVU akipasuliwa kidonda kikubwa hakiponi. Halafu kwenye kadi yangu ya CTC wameandika hatua ya 4. Nimechanganyikiwa kabisa. Nimsikilize nani?"

Jibu:

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Umeandika vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazoletewa mezani. Umri, dawa, CD4 (yaani hesabu ya chembe za kinga), ukubwa wa uvimbe, vyote vimo. Kwa hiyo nitakujibu kuhusu uvimbe wako wa sentimita 2.8, na mambo ya saratani kwa ujumla nitayagusa pale tu yanapokuhusu.

Nianze na kadi, maana nahisi hiyo ndiyo inayokunyima usingizi. Una magonjwa mawili, na kila ugonjwa una ngazi yake ya kupimia. VVU vinapimwa kwa ngazi ya Shirika la Afya Duniani, hatua ya 1 hadi ya 4. Kwenye ngazi hiyo, saratani yoyote ya mlango wa kizazi iliyokwisha kupenya ndani ya nyama inawekwa moja kwa moja hatua ya 4, pamoja na saratani ya Kaposi na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Haiulizwi uvimbe ni mkubwa au mdogo. Hata ungekuwa na kiuvimbe kama punje ya mchele, muuguzi wa CTC, yaani kliniki ya VVU, angeandika 4 vilevile, na angekuwa hajakosea. Ni desturi ya tangu enzi ambazo dawa zilikuwa haba. Wamarekani waliiingiza saratani hii kwenye orodha ya magonjwa yanayohesabiwa kuwa Ukimwi mwaka 1993.

Ngazi ya pili ni ya saratani yenyewe. Huko, 1 maana yake uvimbe bado uko kwenye mlango wa kizazi, haujatoka nje yake. B maana yake umezama zaidi ya milimita 5. Ile 2 ya mwisho ni ukubwa: umefika sentimita 2 lakini haujafika 4. Hatua ya 4 kwenye ngazi hii ni saratani iliyoingia kwenye kibofu au njia ya haja kubwa, au iliyosafiri mbali, mathalani kwenye mapafu. Wewe hauko huko. Nimewahi kumpokea mama mmoja aliyejisomea kadi yake, akakaa nyumbani miezi minne akigawa vitenge vyake kwa mabinti, na alipoletwa uvimbe ulikuwa umeshavuka mahali ambapo kisu kingeweza kusaidia. Kilichomchelewesha ni tarakimu moja kwenye karatasi.

Sasa yale maneno "kwa hali yako". Nayajua, na yananiuma. Nilipokuwa najifunza kazi, katika hospitali ambayo sitaitaja, mgonjwa mwenye VVU alikuwa anaandikwa wa mwisho kwenye orodha ya thieta. Sababu iliyotolewa ilikuwa usafi, kwamba chumba kioshwe baada yake. Lakini orodha ikichelewa kidogo, ikaingia na dharura ya mjamzito, ikifika saa tisa alasiri yule wa mwisho anaambiwa aende akale, arudi Jumanne. Jumanne tena ni wa mwisho. Niliona mama akilazwa na njaa mara tatu ndani ya wiki mbili, na kila mara anafunguliwa drip na kurudishwa wodini bila kuguswa. Ukweli ni kwamba vifaa vinasafishwa na kuchemshwa namna moja kwa kila mgonjwa, na anayepaswa kututia wasiwasi ni yule ambaye hajapimwa au hajaanza dawa, maana damu yake inaweza kuwa imejaa virusi na hakuna ajuaye. Ya kwako haionyeshi kitu. Ikitokea daktari amejichoma sindano, zipo dawa za kinga za siku 28, anatakiwa azianze ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora.

Miongozo ya NCCN, mtandao wa hospitali za saratani wa Marekani, kuhusu saratani kwa watu wenye VVU, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2018, inasema jambo ambalo ningependa lingebandikwa kwenye kila mlango wa kliniki: mtu asinyimwe wala kupunguziwa tiba ya saratani kwa sababu tu ana VVU. Tunachoangalia ni kama virusi vimefubaa na CD4 imesimama wapi. Wengi wetu tunapumua CD4 ikiwa juu ya 200. Chini ya hapo hatukatai, ila tunajua kidonda kinaweza kutoa usaha na kifua kinaweza kuleta shida, tunajipanga. Wewe una 480. Ukiwekwa kitanda jirani na mwanamke wa rika lako asiye na VVU, mkapasuliwa siku moja, sitegemei kidonda chako kichelewe kwa sababu ya virusi.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni vitu ambavyo hukuvitaja. Umetokwa damu tangu mwezi wa tano, je, hemoglobini iko ngapi? Kreatinini ya figo imepimwa lini? Una kikohozi, jasho la usiku, umepungua uzito? Nauliza hilo la mwisho kwa sababu ya mtego ambao hata madaktari wanaingia: picha ya CT ikionyesha matezi ya nyonga yamevimba, watu wanaandika upesi kwamba saratani imesambaa. Kwa mtu mwenye VVU tezi linaweza kuvimba kwa sababu ya VVU vyenyewe, au kwa TB. Tezi likionekana kubwa, ombeni lichukuliwe kinyama kabla ya mtu yeyote kukubadilishia hatua.

Twende kwa kaka yako. Hajakosea kufikiri, na nataka umwambie hivyo, maana hoja yake ndiyo iliyotushawishi hata sisi wapasuaji. Upasuaji wa matundu, yaani laparoskopia, unafanyika hivi. Ukishalazwa kwa nusu kaputi tunatoboa matundu matatu hadi matano, ya milimita 5 mpaka 12 kila moja. Tumbo linajazwa hewa ya kaboni dayoksaidi mpaka linainuka kama la mjamzito wa miezi sita. Kitanda kinainamishwa, kichwa chini miguu juu, utumbo uteleze kuelekea kifuani na utuachie nyonga wazi. Kamera inapita kitovuni, vyombo virefu vyembamba vinapita kwenye matundu mengine, nasi tunafanya kazi tukitazama skrini. Mgonjwa anapoteza damu kidogo, maumivu ni machache, siku ya pili anatafuta kandambili zake arudi nyumbani. Kwa mtu ambaye kinga yake iliwahi kuyumba, kukwepa kidonda kirefu cha tumboni ni faida inayoeleweka.

Na kuna saratani ambazo hoja hiyo imethibitika. Utafiti wa Marekani wa 2004 uliwafuata wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana, na saratani haikurudi zaidi kwa waliopasuliwa kwa matundu kuliko kwa waliofunguliwa tumbo. Saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa kizazi, ile inayowapata zaidi kina mama waliokwisha kukoma hedhi, nayo ilipimwa kwa wanawake zaidi ya 2,600, na leo matundu ndiyo njia inayopendekezwa. Ungekuwa na mojawapo ya hizo ningekwambia msikilize kaka, tena haraka.

Mlango wa kizazi umekataa kufuata mkumbo. Sisi tulidhani utafuata. Kuanzia miaka ya 2000 hospitali kubwa za Marekani, Ulaya na Asia zilihamia kwenye matundu na roboti kabla ya ushahidi kukamilika, kwa imani kwamba kilichofaa jirani kitafaa na hapa. Ndipo kikundi kilichoongozwa na Pedro Ramirez wa hospitali ya saratani ya MD Anderson, Houston, kikafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa mwanzo: wanawake 631 wenye saratani ya mlango wa kizazi ya hatua za awali, katika vituo 33 vya nchi mbalimbali, wakagawanywa kwa kura. 319 matundu, 312 kufunguliwa tumbo. Walitegemea kuthibitisha kwamba matokeo ni sawa. Usajili ulisimamishwa mwaka 2017 kabla ya muda, kwa sababu wasimamizi wa usalama waliona vifo havilingani. Matokeo yalichapishwa 2018 kwenye jarida la kitabibu. Baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 86.0 kwa matundu na asilimia 96.5 kwa waliofunguliwa. Waliofariki ni 19 upande wa matundu na 3 upande wa pili.

Soma tena hizo namba mbili za mwisho, 19 na 3. Wiki ile vikao vyetu vilikuwa kama vya msibani. Wengine walikasirika, wakasema wapasuaji waliochaguliwa hawakuwa na uzoefu. Lakini toleo lilelile la jarida lilibeba hesabu nyingine ya wanawake 2,461 waliotibiwa Marekani katika hospitali za kawaida, na huko nako vifo ndani ya miaka minne vilikuwa asilimia 9.1 kwa matundu dhidi ya 5.3. Februari 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikatoa tahadhari kuhusu roboti katika upasuaji wa saratani za wanawake, ikiutaja mlango wa kizazi kwa jina.

Kwa nini? Wanaoshukiwa ni watatu. Wa kwanza ni chombo tunachokipitisha kwa chini, kupitia ukeni, ili kuusukuma mfuko wa kizazi huku na huku wakati tunafanya kazi kwa juu: kinapita katikati ya uvimbe wenyewe, kinaukandamiza. Wa pili ni namna ya kukata uke kutokea ndani ya tumbo, ambako uvimbe unabaki wazi na chembe zake zinaweza kudondokea nyongani. Wa tatu ni ile hewa, inayozunguka tumboni na huenda inazitawanya chembe hizo. Kwenye upasuaji wa wazi uvimbe unatoka umefunikwa, haujaguswa na chochote. Uvimbe wa mlango wa kizazi uko nje, kwenye ncha, ndiyo maana unatoa damu ukiguswa. Wa utumbo umejificha ndani ya bomba lake. Kwangu mimi hiyo inaeleza mengi.

Ndiyo maana ninasema ukubwa wa kidonda unaamuliwa na uvimbe. VVU havina kura hapo. Utafiti ule haukufanywa kwa ajili ya wenye VVU, ni kweli, lakini sioni njia ambayo virusi vingeigeuza hesabu hiyo ikupendelee. Ikiwa ipo tofauti, naona wewe ndiye unayepaswa kuachiwa chembe chache zaidi kuliko wote, kwa kuwa kirusi cha HPV kinachosababisha saratani hii kinang'ang'ania zaidi kwenye mwili wenye VVU.

Kuna mwanya mmoja nisiufiche. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa wanawake 700 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, ukaonyesha kwamba kutoa kizazi kwa njia ya kawaida, bila kuchimba nyama za pembeni, hakukuongeza saratani kurudi nyongani. Wengi wao walipasuliwa kwa matundu. Daktari akikutajia utafiti huo hakudanganyi, ila mwambie wako ni 2.8.

Upasuaji unaokufaa, kama unapasuliwa, ni ule wa wazi ambao Ernst Wertheim aliuanza Vienna mwaka 1898 na tumekuwa tukiurekebisha tangu hapo. Unatoa mfuko wa kizazi na mlango wake, sehemu ya juu ya uke, nyama zinazoushikilia pembeni, na matezi ya nyonga. Ugumu wake uko kwenye mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Ni myembamba, haifiki unene wa mrija wa soda, na inapita kama sentimita mbili tu kando ya mlango wa kizazi. Kuifuata taratibu, kuimenya kutoka kwenye nyama bila kuijeruhi, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kufungua na kufunga tumbo ni dakika chache. Kwa hiyo muulize daktari bila aibu: upasuaji huu anaufanya mara ngapi kwa mwaka? Anayekasirikia swali hilo amekujibu. Ovari zako katika umri wa miaka 41 kwa kawaida zinaweza kubaki, na hilo ni jambo kubwa, maana mionzi ingezizima na kukuingiza kwenye ukomo wa hedhi ndani ya miezi.

Sasa nikuudhi kidogo. Daktari wa hospitali ya kwanza huenda alikupa ushauri unaofaa kwa sababu isiyofaa. Mionzi si tiba ya waliokataliwa. Mwaka 1997 Waitaliano walichapisha ulinganisho wa wanawake 343 wenye saratani ya hatua za 1B na 2A: nusu upasuaji, nusu mionzi. Baada ya miaka mitano asilimia 83 walikuwa hai pande zote mbili. Madhara makubwa yalikuwa asilimia 28 kwa waliopasuliwa na 12 kwa waliopigwa mionzi, kwa sababu zaidi ya nusu ya waliopasuliwa walihitaji tena mionzi juu ya kidonda, wakabeba mizigo miwili. Hapo ndipo picha ya MRI inapokuwa na thamani. Kama inaonyesha matezi yenye saratani au nyama za pembeni zimeguswa, hakuna sababu ya kukufungua. Nenda moja kwa moja kwenye mionzi na kemo, hospitali ya Ocean Road au ya Bugando, na usijione umetupwa.

Kaka atakutajia pengine tafiti za Botswana, maana mtandaoni zinasambaa. Moja ya 2016 ilionyesha wanawake wenye VVU na saratani hii wanafariki karibu mara mbili ya wasio na VVU. Nyingine ya 2018, iliyoangalia waliopata mionzi pamoja na kemo ya kuponya, ilikuta waliokuwa hai baada ya miaka miwili ni asilimia 65 kwa wenye VVU na 66 kwa wasio nao. Mimi nazisoma pamoja hivi: mgonjwa akifika kwenye tiba kamili na kuimaliza, pengo linasinyaa.

Maoni yangu, basi, ni haya. Matezi yakiwa safi kwenye picha, na ukipata daktari mwenye mkono uliozoea, fanya upasuaji wa wazi. Matezi yakiwa na shaka, au daktari huyo hapatikani bila kungoja miezi, anza mionzi na kemo. Matundu na roboti, kwa uvimbe huu, hapana, hata ukipewa bure, hata ukisafirishwa India.

Dawa zako. Usiziache hata siku moja. Wagonjwa wengi wanadhani kufunga kula kabla ya upasuaji kunajumuisha ARV. Kidonge kinamezwa kwa funda la maji, na daktari wa usingizi anajua hilo. Usiku wa siku ya upasuaji, ukiwa umezinduka na hutapiki, unameza kama kawaida. Beba kopo lako, wodi ya upasuaji mara nyingi haina TLD. Ukipewa vidonge vya kuongeza damu, na naamini utapewa, madini ya chuma yaliyomo ndani yanaikamata dolutegraviri, moja ya dawa zilizomo kwenye TLD, isifyonzwe tumboni. Meza TLD saa mbili kabla au saa sita baada ya kidonge cha damu, au vyote viwili pamoja na chakula kamili. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini hazina msamaha huo wa chakula, hizo tenganisha saa vilevile.

Halafu kuna figo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona makosa. TLD ina tenofoviri, ambayo kwa watu wachache inaichosha figo taratibu. Baada ya upasuaji, dawa ya maumivu inayoshikwa kwanza wodini ni sindano ya diklofenaki. Ukiongezewa jentamaisini kwa ajili ya kidonda, figo zimebebeshwa watatu. Na kama baadaye utahitaji kemo, ile inayotumika pamoja na mionzi ni sisplatini, inayojulikana kwa kuumiza figo kuliko karibu dawa zote za saratani. Mwambie daktari, kwa maneno haya haya: "Natumia tenofoviri, naomba figo zangu zipimwe kabla ya diklofenaki." Paracetamol na dawa za jamii ya mofini zinatosha kwa siku za mwanzo. Ukiona kreatinini imepanda kidogo usishtuke papo hapo, dolutegraviri huipandisha kwenye karatasi bila figo kuumia. Kinachoangaliwa ni kama inaendelea kupanda. Angekuwa mtu wa dawa za VVU za mstari wa pili zenye ritonaviri ningeandika ukurasa mwingine, maana hizo zinagombana na dawa za usingizi. Wewe umesalimika na hilo.

Kuhusu siri. Sikuulizwa, lakini najua swali hili linakuwa kooni. Wodini utakuwa na shangazi au wifi anayelala chini ya kitanda, na kopo la vidonge likitikiswa linalia. Wanawake wa CTC wanajaza pamba ndani ya kopo, na wewe unajua hivyo pengine kuliko mimi. Fanya zaidi: siku ya kulazwa omba kuzungumza na muuguzi kiongozi peke yako, mkubaliane nani anaingiza dawa na saa ngapi, na hali yako isisomwe kwa sauti wakati wa raundi. Si fadhila, ni haki yako. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2008 inayolinda siri hiyo. Mtaje mmoja tu unayemwamini kwenye fomu ya ridhaa.

Utarudi nyumbani na mpira wa mkojo, na usidhani kuna kilichoharibika. Neva za kibofu zinapita kwenye zile nyama za pembeni tunazozitoa, zinalala kwa muda. Mpira unakaa siku 7 hadi 14, ukitolewa tunapima mkojo unaobaki baada ya kwenda chooni. Ukiwa chini ya mililita 100 tunakupongeza, ukizidi unarudishiwa mpira kwa wiki nyingine. Tendo la ndoa lisubiri wiki 6 mpaka 8, na ni mimi au mwenzangu atakayekukagua kwanza. Uke utakuwa mfupi kiasi. Mlete mume wako siku hiyo ya kukaguliwa, nitamweleza mwenyewe, kina mama wengi wanashindwa kusema na ndoa inaingia baridi kwa jambo lenye maelezo.

Binti yako wa miaka 12 yuko ndani ya umri wa chanjo ya HPV, inatolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 Tanzania ni dozi moja tu. Na kama una rafiki wa CTC ambaye hajawahi kuchunguzwa, mshike mkono. Mwanamke mwenye VVU ana uwezekano mara sita wa kupata saratani hii, na uchunguzi kwake unaanza akiwa na miaka 25. Dalili za awali zikionekana zinachomwa palepale kliniki kwa chuma chenye joto la nyuzi 100, sekunde 20 hadi 30, anavaa na kupanda bodaboda. Huo ndio upasuaji wa kidonda kidogo ambao kaka yako angeutafuta, ila unafanyika miaka kumi kabla ya uvimbe.

Wiki hii basi: hemoglobini, kreatinini, picha ya kifua, na MRI ya nyonga. MRI ni ghali, na hapo nina kazi kwa kaka. Mwambie kaka kwamba daktari amemwelewa na hoja yake ni ya mtu anayempenda dada yake, lakini ile hela aliyotenga kwa roboti aitume ilipie MRI. Ndugu wawili walioko Morogoro wajiandae kuchangia damu kabla ya kulazwa. Hicho yeye hawezi kukituma kwa simu.